Injini ya Hermes na Ng'ombe wa Anselmo

Siku ya Wafu, pale Los Tordillos, hakuna anayelia kwa sauti. Kilio chote huachiwa magari.

Ndivyo walivyozoea tangu enzi ambazo kila nyumba ya mji ule ilikuwa na kijana wa mbio za barabarani, na kila karakana ilikuwa na gari la spoti lililolala chini kama mjusi. Vijana wale walizeeka, wakafa mmoja mmoja, wengine barabarani, wengine vitandani. Basi kila ikifika tarehe mbili ya Novemba, wajane na watoto huyaleta magari ya marehemu wao, huyapanga nje ya ukuta wa makaburi, pua zikiutazama ukuta, na moja baada ya jingine huwashwa na kupigwa resi mara tatu. Wanaume huvua kofia. Padri mwenyewe hunyamaza. Watu husikiliza wamefumba macho, wala hawahitaji kuambiwa hili la nani, kwa maana sauti ya kila injini wanaijua kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani yake. Ikinguruma ile ya Vittorio, watu husema, "Huyo Vittorio." Hawasemi gari la Vittorio.

Mwaka ule Delmira Bonfanti alishuka kwenye basi lililotoka mji wa Paraná asubuhi hiyo hiyo ya siku yenyewe, jicho la kulia likiwa bado limefunikwa kitambaa. Oktoba nzima alikuwa kwa dada yake Zulema, akitolewa mtoto wa jicho. Mwanawe Ovidio, fundi magari, alikuwa amemwambia kwenye simu asihangaike na lolote, gari atalipeleka yeye makaburini, limeoshwa na kusuguliwa.

"Na nina kitu cha kukufurahisha, Mama," alisema, akicheka peke yake kama mtoto aliyeficha peremende.

Delmira akadhani ni mto mpya wa kiti. Ule wa zamani ulikuwa umetokwa na manyoya yote.

Gari alilikuta mahali pake, la nne kutoka langoni. Chimango ya kijani, viti viwili, boneti ndefu kuliko sehemu nyingine zote. Chimango ni ndege wa nchi ile, mwewe mdogo mchokozi asiyeogopa hata ng'ombe, na kulikuwa na kiwanda kimoja huko Córdoba kilichotengeneza magari machache kwa jina hilo kabla ya kufunga milango. Hermes, mume wa Delmira, alilichukua lingali na harufu ya rangi. Alilipeleka mbioni, akalipindua, akalinyoosha, akalioa kwa mara ya pili, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Na jioni akirudi kutoka barabara kuu, alikuwa akipunguza gia kwenye kona ya kanisa, injini inatoa mguno mmoja mzito kama mtu anayevua viatu baada ya kazi. Delmira akiusikia mguno ule, anabandika maji ya tambi. Hermes akiingia mlangoni, maji yanachemka. Hawakuwahi kupangana. Waliishi hivyo mpaka siku alipokufa, na Hermes hakuwahi kula tambi zilizolala.

Basi zamu ikafika. Rosendo mwokaji mikate, ambaye kila mwaka ndiye huinua mkono kuashiria, akauinua. Kofia zikavuliwa. Delmira akaketi nyuma ya usukani, akajipiga alama ya msalaba, akazungusha ufunguo.

Hakusikia kitu.

Akazungusha tena. Pakatoka kelele ya kukwaruza, na Ovidio akainama dirishani, akanong'ona, "Imeshawaka, Mama. Ni kimya tu. Kanyaga."

Delmira akakanyaga. Kilichotoka pale mbele kilikuwa mvumo mwembamba, laini, sawasawa, usio na kohozi wala mguno. Zzzzz. Akakanyaga kwa nguvu, na mvumo ukapanda tu, ukashuka, kwa adabu kama mhudumu wa benki. Nyuma yake kimya cha watu kilikuwa kimeanza kupasuka. Mtu akakohoa. Mwingine akauliza, "Huyo nani?" Na Rosendo, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, akasema:

"Doña Delmira, umemletea Hermes cherehani? Huko aliko anashona nini?"

Watu wakacheka. Hawakucheka vibaya, walicheka kwa sababu hawakujua la kufanya. Lakini Delmira kicheko kile kilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akazima. Resi ya tatu hakuipiga. Akashuka, akafungua boneti kwa mikono yake miwili, na kwa lile jicho moja akaona palipokuwa na injini ya Hermes, ndefu, nyeusi, yenye silinda sita na makabureta yake matatu yaliyopangwa kama kengele, sasa pamekaa kitu kifupi cha kijivu kilichofunikwa kifuniko cha plastiki. Plastiki! Kama sahani ya mtoto.

"Nini hiki?"

"Ya Kijapani, Mama," Ovidio akasema, na bado alikuwa anatabasamu, maskini, hajaona. "Imetoka kwenye gari lililopinduka njia ya Rafaela, injini haikupata hata mkwaruzo. Inawaka kwa baridi, inawaka kwa mvua. Mafuta inanusa tu, hainywi. Nimefanya kazi mwezi mzima, usiku sikulala. Huhitaji tena kuomba Mungu kila ukigusa ufunguo."

"Ya baba yako iko wapi?"

"Mama, ilikuwa inavuja. Spea hakuna. Ile plagi ya mwisho niliiagiza mpaka..."

"Ovidio. Ya baba yako iko wapi?"

"Ipo. Haijatupwa."

"Nimekuuliza iko wapi, sikukuuliza kama ipo."

Ovidio akavaa kofia, akaivua tena. "Tutaongea nyumbani."

Delmira akarudi kutazama chini ya boneti. Akaona kingine. Mahali injini inapolala, kwenye vyuma vya fremu, palikuwa na alama mbili mpya za kukata, zinang'aa kama kidonda kilichochubuka.

"Umelikata?"

"Vipande viwili tu. Isingeingia."

"Isingeingia!" Sasa sauti ilimtoka, na watu waliokuwa wameanza kutawanyika wakasimama. "Kitu kisichoingia mlangoni, mtu mwenye akili anakirudisha kilikotoka. Wewe unavunja nyumba! Nimeondoka hapa na jicho moja bovu, nimerudi nimekuta mume wangu amefukuliwa, amewekwa mtu mwingine kaburini, na mwanangu anataka nimpigie makofi!"

"Ni gari, Mama."

"Ni gari? Basi mbona ulivua kofia?"

Delmira akachukua mkoba wake na maua yake. Hakurudi nyumbani kwa lile gari. Alitembea kwa miguu barabara yote ya vumbi, mwana akimfuata nyuma polepole na gari, na lile gari halikusikika kabisa, ikawa kama anafuatwa na paka.

*

Mjini watu waligawanyika. Rosendo akawa anauza mikate na maoni kwa pamoja. Kuna waliosema Ovidio ana haki: mama ni mzee, barabara ni za udongo, na majira ya baridi yaliyopita lile gari lilimzimikia njiani, mvua inanyesha, hadi mchukuzi wa maziwa akamkuta anatetemeka, midomo ya buluu. Gari ni la kuendesha, walisema, si sanamu ya kanisani. Mpe mtu breki, mpe injini inayowaka, aishi. Na kuna waliosema kwamba ukimtoa mtu moyo ukamwekea saa ya ukutani, hata kama saa inakwenda sawasawa, yule si mtu tena. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema, na kidonda chenyewe kimemtonesha mjane.

Delmira hakwenda kusikiliza upande wowote. Alikuwa na hasira yake, na aliitunza vizuri, kama mtu anavyotunza moto wa kesho.

Alasiri Ovidio alikuja, kama ilivyokuwa desturi yao, kunywa mate, chai ya majani ya nchi ile. Kinywaji hicho chungu watu wa kule hukinywa kutoka kibuyu kimoja, kwa mrija mmoja, mkono kwa mkono, na mwenye nyumba ndiye anayemimina; ampendaye humtilia na sukari. Delmira akamimina, akampa. Ovidio akavuta mrija, akasita. Yalikuwa baridi. Maji ya bomba.

Kila mtu wa nchi ile anajua maana ya mate ya baridi. Ni kumwambia mgeni mlango uko kule. Ovidio akayanywa yote, mpaka mrija ukakoroma, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Asante, Mama."

"Uko wapi?"

"Mimi nipo hapa."

"Moyo wa gari langu uko wapi?"

"Siwezi kukwambia leo. Utakwenda kumsumbua mtu asiye na kosa."

"Kwa hiyo kuna mtu."

Ovidio akauma ulimi, maana alikuwa amejifunga mwenyewe. Akaondoka. Kesho yake akaja tena, akapewa mate baridi, akayanywa. Kesho kutwa vilevile. Alikuwa mwana mwema, na hilo ndilo lililomchoma Delmira zaidi. Ungekuwa uovu, angejua pa kuushika. Ulikuwa upendo, umeingia nyumbani mwake bila kubisha hodi, umevunja kila kitu, na sasa umekaa kwenye kiti unangoja kushukuriwa.

Juma lile upepo ulikuwa wa kusini, mkavu, hauna hata tone la mvua. Ukame ulikuwa umeshika tangu Agosti. Mahindi yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Kisha siku moja upepo ukageuka. Ilikuwa saa ile baada ya chakula ambapo mji mzima umefunga madirisha na kulala. Delmira alikuwa jikoni anaosha sufuria.

Akausikia.

Ulitoka mbali, upande wa kaskazini, juu ya mashamba. Mngurumo mzito wa silinda sita, ya nne ikichelewa kidogo kama mtu anayechechemea. Ile ya nne ilikuwa ikichelewa tangu Hermes alipopindua gari, na hakuna fundi aliyewahi kuitibu, wala Hermes hakutaka itibiwe.

Kabla hajafikiri, mkono wa Delmira ulikuwa umeshachukua sufuria ya tambi na kuijaza maji.

Akaitazama sufuria mkononi. Kisha akaiweka chini, taratibu, akavua aproni, akatoa baiskeli.

*

Aliufuata mlio kama mbwa anavyofuata harufu. Ukipotea, anasimama, anangoja upepo. Ukamtoa kwenye barabara kuu, ukampitisha kwenye lango la waya, ukamfikisha kwenye shamba la Anselmo Gorosito, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mjane naye, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Windimili yake ya kuvutia maji ilikuwa imelala chini, imevunjwa shingo na dhoruba kavu ya Septemba. Na kando ya kisima, chini ya bati nne zilizosimamishwa kwa miti, ndipo ilipokuwa.

Walikuwa wameifunga juu ya magogo mawili ya reli. Tangi lake la mafuta lilikuwa kopo la mafuta ya kula. Ekzosi yake ilikuwa kipande cha bomba kilichoelekezwa juu, na juu ya bomba mtu alikuwa ameweka kikopo cha maziwa ili mvua, kama ingenyesha, isiingie; kikopo kilikuwa kinaruka na kugonga, tak tak tak. Mkanda mrefu ulitoka kwenye injini ukaenda kwenye pampu, pampu ikatema maji kwenye birika la saruji, na ng'ombe walikuwa wamelizunguka bega kwa bega, wanakunywa kwa pupa.

Delmira akaiangusha baiskeli kwenye nyasi. "Anselmo!"

Anselmo akatoka nyuma ya birika, akamwona, na kofia ikamtoka kichwani yenyewe.

"Doña Delmira. Nilijua utakuja. Nilimwambia Ovidio: upepo ukigeuka tu, huyo mama yuko hapa."

"Ulijua ni ya nani?"

"Nani asiyemjua Hermes?"

"Ukamfunga kwenye kisima. Kama punda."

"Ovidio alinikuta nachota kwa ndoo, Doña Delmira. Mimi na mkono wangu mmoja mzima. Ng'ombe wanalia usiku kucha. Akasema, chukua hii, uitumie mpaka windimili isimame, mama haihitaji tena." Akaigeuza kofia mkononi. "Sikuuliza kama mama amesema hivyo. Hapo ndipo kosa langu. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza."

"Wote hamkuuliza! Nchi nzima haina mtu wa kuuliza!" Delmira akaikaribia injini, akaiona ilivyo na mavumbi, na nyasi zilizokwama kwenye makabureta, na kinyesi cha kuku juu ya kifuniko ambacho Hermes alikuwa akikipangusa kwa leso yake ya mfukoni. Machozi ya hasira yakamjia hata kwenye lile jicho lililofungwa. "Hii ilimaliza milima ya Córdoba mbele ya magari ya matajiri. Na leo kuku anaipanda!"

"Kuku nitamchinja leo leo, ukitaka," Anselmo akasema.

Hakuwa anatania, na ndiyo maana Delmira nusura acheke. Akajizuia, maana hakuja kucheka. Akaweka kiganja juu ya chuma. Ilikuwa moto, inatetemeka, inafanya kazi. Hapo likamwingia jambo ambalo hakulitaka. Karakana ya Ovidio ingeiweka kwenye kona chini ya turubai. Hapa ilikuwa inaishi. Ilikuwa inachechemea vilevile, inanguruma vilevile, na vinywa vyote vile vinakunywa kwa ajili yake. Hermes angeona angecheka mpaka akae chini.

"Ichukue, ni yako," Anselmo akasema. "Naizima sasa hivi. Nipe siku ya leo tu nijaze birika."

"Na kesho?"

"Kesho ndoo."

Delmira akautazama ule mkono wa Anselmo, wa kushoto, uliokauka tangu ujana. Akawatazama ng'ombe, mbavu zinahesabika. Akaona kwamba mwanawe alikuwa amemwekea mtego usio na mlango: akiidai haki yake, ananyima maji wanyama, akiwahurumia wanyama, Hermes anabaki kisimani, naye Siku ya Wafu anapeleka cherehani. Hasira ikampanda upya, mbichi kama ya siku ile ya kwanza. Kwa nini mtu aliyeonewa ndiye awe mwenye kuchagua nani aumie?

Akaufuata kwa macho ule mkanda kutoka injini mpaka kwenye pampu. Kisha akauliza:

"Anselmo, hiyo pampu yako inataka nini hasa?"

"Inataka kuzungushwa tu. Haichagui."

"Haichagui," Delmira akarudia. Akaokota baiskeli. "Basi vizuri."

*

Ovidio alikuwa chini ya lori pale karakanani. Delmira akagonga bati la lori kwa funguo za nyumba.

"Toka huko."

Akajitokeza, uso mweusi wa grisi. Aliona mavumbi kwenye viatu vya mamake, akajua.

"Umekwenda."

"Nimekwenda. Ile injini inarudi kwenye gari."

"Mama, na ng'ombe wa watu? Utaweza kulala?"

"Nitalala fofofo. Ng'ombe watakunywa. Hiyo ya Kijapani ndiyo itakwenda kisimani."

Ovidio akaketi palepale chini. "Ile? Mama, ile ina kompyuta! Ina vihisio kila mahali. Ile si ya kukaa na kuku!"

"Kwa nini? Si inawaka kwa baridi, inawaka kwa mvua? Si mafuta inanusa tu? Umenisifia kama muuza ng'ombe mnadani. Anselmo ni maskini wa mafuta. Mpe iliyo bora."

"Ile nimeifunga kwa ajili yako!"

"Na mimi nimeikataa kwa ajili yangu. Au vitu vizuri ni vya kunilazimisha mimi tu, ng'ombe hawastahili?"

Ovidio akapangusa uso kwa tambara, grisi ikazidi kuenea. Aliposema tena, sauti ilikuwa imebadilika.

"Hukujiona ulivyokuwa siku ile ya mvua. Mimi ndiye niliyekushusha kwenye gari la maziwa. Ulikuwa huwezi kukunja vidole. Nikasema, Baba amekufa, sitamwacha na Mama auawe na kabureta. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa!"

"Ndiyo, ningekataa. Hiyo ndiyo maana ya kuuliza, mwanangu. Mtu anayejua atakubaliwa haulizi, anatangaza."

Ovidio akainamisha kichwa. Mbwa wa karakana akaja kumnusa, akaondoka.

"Sikiliza," Delmira akasema, naye akavuta kopo la rangi, akalikalia. "Mvua ikinyesha sitoki. Hilo nakupa. Na breki weka mpya, za kisasa, uzitakazo wewe. Hata mikanda ya viti weka, unifunge kama mtoto."

"Breki unakubali?" Ovidio akainua macho kwa mshangao. "Mbona breki nazo ni za asili?"

"Breki hazina sauti. Baba yako mwenyewe alikuwa hazitumii."

Hapo Ovidio akacheka, japo hakutaka. Delmira hakucheka.

"Na yale uliyoyakata," akasema, "utayaunga. Na alama itabaki, najua. Ibaki. Kila ukifungua boneti uione."

*

Kazi ilichukua muda kuliko walivyodhani, maana ile injini mpya ilikataa katakata kuishi nje ya gari. Bila dashibodi yake haikuwaka. Bila ufunguo wake wenye kitufe haikuwaka. Hata mlango ilitaka kuambiwa kwamba umefungwa. Ikabidi Ovidio autundike ukoo wake mzima wa waya kwenye nguzo ya kisima, na dashibodi aipigilie misumari chini ya bati, taa zake za rangi zikawa zinawakawaka kama mti wa Noeli. Asubuhi Anselmo akawa anakwenda kisimani na ufunguo mfukoni kama daktari wa mjini anayekwenda kwenye gari lake. Taa moja nyekundu, yenye picha ya mtu aliyefunga mkanda, haikuzimika kamwe.

"Inaniambia nini?" Anselmo aliuliza.

"Ufunge mkanda," Ovidio akajibu kwa uchungu.

Lakini maji yalitoka, mengi kuliko mwanzo, na mafuta yalipungua kweli. Delmira alilisikia hilo na hakulipinga. Hakuwahi kusema ile injini ni mbaya. Alisema si yake.

Jambo moja tu halikuwa limefikiriwa na yeyote. Ng'ombe walikuwa wamezoea kuitwa na mngurumo. Injini ya Hermes ilipowaka, walikuwa wanauacha hata uvuli na kuja mbio. Sasa birika lilijaa mpaka likamwagika, na ng'ombe wamelala kule mbali wanacheua, hawana habari. Ikawa lazima Anselmo asimame kando ya injini ya kompyuta, apige debe kwa fimbo, ndipo waje. Rosendo alipoipata habari hiyo, alicheka mpaka mkate ukamwungulia.

Na siku ya kawaida kabisa, Alhamisi, jua likiwa bado kali, Chimango ya kijani iliondoka karakanani. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikazima, Ovidio akafungua boneti, akapuliza kitu, ikawaka. Nyumba za njiani zikafungua madirisha. Pale makaburini hapakuwa na mtu ila mfagiaji, anazoa maua yaliyonyauka ya Siku ya Wafu na kuyatia kwenye toroli. Delmira akasimamisha gari pua ikiutazama ukuta, mahali palepale, pa nne kutoka langoni.

Ovidio akashuka, akasimama kando, akavua kofia.

Resi ya kwanza ikatikisa vumbi juu ya ukuta. Ya pili ikawarusha njiwa. Ya tatu Delmira aliishikilia kirefu, ile silinda ya nne ikichechemea nyuma ya wenzake, ndipo akaiachia, ikashuka kwa ule mguno mmoja mzito wa kuvua viatu.

Mfagiaji alikuwa ameegemea ufagio wake, macho amefumba.

"Huyo Hermes," akasema. "Amechelewa mwaka huu."

"Hakuchelewa," Delmira akamjibu kupitia dirishani. "Alicheleweshwa." Akamtazama mwanawe. "Panda."

Alasiri Ovidio alikuja kama kawaida. Akabisha hodi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba aliyozaliwa, akangoja mpaka aambiwe karibu. Akaketi. Delmira akamimina, akampa kibuyu kwa mkono mmoja.

Ovidio akavuta mrija kwa tahadhari. Yalikuwa ya moto, moto hasa, mpaka macho yakamtoka machozi.

Sukari hakutiwa.